Naomba ushauri: nipakie marekebisho kwenye kifurushi cha mwenzangu Debian?

Wakuu, habari zenu. Kuna kifurushi (programu iliyofungashwa) cha Debian, ule mfumo endeshi huria wa kompyuta, nakitegemea kazini, hakijengeki tena tangu kompaila mpya (programu ya kutafsiri msimbo) iingie. Kiraka, yaani marekebisho ya msimbo, nimeshakiambatisha kwenye ripoti ya hitilafu, ila mtunzaji wa kifurushi kimya. Najua asiye mtunzaji anaruhusiwa kupakia: toleo 2.4-3 linakuwa 2.4-3.1, na unaweza kuliweka kwenye foleni ya kusubiri hadi siku 15, mwenyewe akitaka alizuie. Ila jina lake halimo kwenye ile orodha ya watunzaji waliosema wazi “rekebisheni tu, msiniulize”. Halafu mimi sina haki ya kupakia, lazima nipate mdhamini, mwenye haki hiyo anipakilie. Je, foleni ya siku 10 ni ustaarabu wa kutosha, au nimwandikie kwanza? Mliowahi kugusa kifurushi cha mtu, mlipokewaje?