Tupeane uzoefu: nyumba yako unaitayarishaje kabla baridi haijaingia?

Mtoa mada, Kamalondo
Wapendwa wa Lubumbashi, mvua zimekwisha na asubuhi maji ya ndoo yameanza kuuma vidole. Mji wetu uko juu, mita zaidi ya 1,200 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa 6 na wa 7 usiku hushuka chini ya digrii 10. Nyumba nyingi ni matofali na mabati tu. Ndani nina baba mwenye kifua kibovu na mtoto mchanga. Mwezi huu wa 5 ninyi mnafanya nini?

Fundi wa Katuba
Anza juu, yaya. Tofali linatunza joto la jua mpaka usiku, bati halitunzi kitu. Mbingu ikiwa haina wingu, bati linapoa kuliko hata hewa. Ndiyo maana alfajiri unakuta matone chini ya bati na blanketi lina unyevu, wakati mvua haijanyesha tangu mwezi wa 4. Dawa ni dari. Wasio na uwezo wa mbao nimewafungia mifuko ya unga iliyofuliwa na kushonwa pamoja, ikakazwa kwenye fito. Acha nafasi kati ya dari na bati, hewa iliyotulia pale ndiyo inayokinga baridi. Chumba cha kupikia usikiwekee mifuko, inashika moto upesi.

Kisha ziba nyufa za upande wa kusini-mashariki, upepo wa kiangazi unatoka huko. Udongo wa kichuguu ukikandwa vizuri unashika kuliko mwingine wote.

Mama wa Ruashi
Miezi hii jua linapita kaskazini, basi madirisha ya upande huo nayaacha wazi mchana na magodoro nayaanika hapo. Saa kumi na moja jioni nafunga yote. Ukingoja giza, joto limeshatoka. Watoto nawawekea kitandani kibido, yaani kidumu kidogo, cha maji ya moto (yasiyochemka) kilichofungwa kwa kitenge, nakitoa wakiingia kulala.

Mwanafunzi, Kassapa
Umeme ukikatika sisi tunangoja makala (makaa) yawe mekundu kabisa, moshi uishe, ndipo tunaingiza mbabula (jiko la makaa) chumbani na kufunga mlango. Kuna ubaya?

Muuguzi wa Kampemba
Upo, mdogo wangu, na ni mkubwa. Acheni leo hii. Moshi ukiisha watu wanadhani hatari imekwisha, kumbe makala mekundu ndiyo yanaendelea kutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kichwa kinauma, kichefuchefu, miguu inalegea, halafu usingizi, na aliyelala hajui kinachomtokea. Majirani zangu waliingiza mbabula usiku wa mwezi wa 7. Mama aliamka kichwa kikimpasuka, akatambaa mpaka mlangoni akapiga kelele. Tuliwatoa watoto wawili wakiwa wamelegea kama nguo. Walipona hospitalini kwa oksijeni, namshukuru Mungu, lakini nimeona wengine wakiletwa wamechelewa.

Ukimkuta mtu hivyo, fungua milango, mtoe nje kwenye hewa, mpeleke hospitali hata akisema amepata nafuu. Na kadiri mnavyoziba nyufa alivyoeleza fundi, ndivyo mbabula ndani inavyozidi kuua. Pikieni bukari (ugali) nje, mle ingali moto, mbabula ibaki uani.

Mtoa mada
Asante sana, muuguzi. Fundi, basi niache tundu lolote chumbani kwa baba?

Fundi wa Katuba
Acha matundu mawili ya juu, upande usiopigwa na upepo, watu wapate hewa ya kupumua. Hayatoshi kuruhusu moto ndani, muuguzi amesema kweli. Jumamosi nitapita Kamalondo nipime chumba cha mzee. Wewe fua mifuko, fito nitakuja nazo.