Gari lililounganishwa Thika lipite Namanga bila ushuru: sawa au si sawa?

Mchambuzi wa Temeke
Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki umeanza 2005, na ahadi ilikuwa bidhaa ya mwanachama ipite bila ushuru. Lakini gari la Thika au Mombasa lisipothibitisha uasili wake, yaani kwamba limetengenezwa kweli ndani ya Jumuiya, linalipa 25%, sawa na lililoshuka melini kutoka Japani. Marekani na Kanada walifuta ushuru wa magari baina yao 1965, Pearson na Nixon wakasaini, na Kanada ikaneemeka. Sisi tunaogopa nini?

Spana14
Kanada walikuwa wanatengeneza magari. Thika wanakaza nati. Tuanzie hapo.

Bi Rangi
Spana14, kukaza nati ni SKD: bodi inakuja imeshapakwa rangi, unafunga injini, matairi na viti. CKD ni kazi nyingine. Vipande vya bodi vinalehemewa kwenye jigi, ile fremu inayovishika mahali pake, bodi inazamishwa kwenye bafu la kinga ya kutu, inafuata praima, rangi, tanuri. Jigi ikihama milimita chache tu, mlango haufungi vizuri na mvua inaingia ndani. Hebu kalehemu wewe tuone.

Forodha Kurasini
Kwanza ni Johnson, si Nixon. Januari 1965, kwenye ranchi yake Texas.
Pili, ule mkataba haukuwa mlango wazi. Kampuni iliyotaka kuingiza gari Kanada bila ushuru ilibanwa iendelee kuzalisha Kanada kwa uwiano na mauzo yake ya huko. Faida ikaja kwa sababu kiwanda cha Kanada kiliacha kutengeneza modeli nyingi kidogo kidogo, kikashika chache kwa wingi na kuziuza ng'ambo ya mpaka. Japani na Ulaya wakalalamika kwamba waliofaidi ni makampuni yale yale ya mwanzo, Shirika la Biashara Duniani (WTO) likawapa haki, mkataba ukafa 2001.

Spana14
Bi Rangi, povu la nini? Lehemu ni lehemu. Injini inatoka wapi? Gia? Sasa uasili uko kwenye rangi?

Bi Rangi
Betri, viti, springi za majani, ekzosi na vioo vimewahi kutengenezwa Kenya kwa ajili ya viwanda hivyo hivyo. Taja vya kwetu.

Mtaa wa Kongo
Shangazi kashika spana kwa upande wa moto 😂 Na Nyumbu, kile kiwanda cha magari cha Kibaha, je?

Spana14
Nyumbu usiiguse, ile ni kazi ya jeshi. Na Kibaha malori yanaunganishwa pia, kwa hiyo msijifanye nati ni za Wakenya peke yao.

Mchambuzi wa Temeke
Spana, kwa hiyo Kibaha ni kiwanda na Thika ni gereji?

Forodha Kurasini
Naweka hesabu, maana mnagombania spana. Kanuni za uasili za mwanzo, kabla ya kuandikwa upya 2015, zilikuwa na njia ya 35%: thamani iliyoongezwa ifike 35% ya gharama ya gari likitoka kiwandani. Seti ya CKD ikifika kwa dola 10,000, gari lazima ligharimu kama 15,385 kiwandani, yaani 5,385 ziwe za hapa. Lehemu, rangi, betri na viti havifiki huko kirahisi wakati injini na gia zimo kwenye ile 10,000. Ukitaka kubana bei unashindwa asilimia, ukitaka asilimia gari linakuwa ghali. Mtego uko hapo.
Na kila mwaka wa fedha nchi wanachama huomba ruhusa ya kutotumia kiwango cha pamoja cha ushuru wa Jumuiya kwa bidhaa fulani, mwaka mmoja mmoja. Nani ajenge karakana ya kupressi bodi kwa ushuru wa miezi 12?

Bi Rangi
Na hizo nati mnazozicheka zimewahi kuitoa jasho Marekani. Tangu 1964 wanatoza malori madogo 25%, kisa ugomvi wa kuku na Ulaya. Wajapani wakaleta pikapu bila bodi ya nyuma, ushuru 4%, bodi inafungwa baada ya kushuka melini. Mwanya ulizibwa 1980. Kwa hiyo nati ina siasa, kaka.

Mtaa wa Kongo
Kuku?! Endelea shangazi.

Spana14
Kuku haina uhusiano. Mwananchi wa Mbagala anataka Toyota IST ya mtumba, hataki gari jipya la Thika.

Forodha Kurasini
Basi hesabu ya IST, CIF (bei pamoja na bima na nauli ya meli) dola 5,000, umri zaidi ya miaka 10. Ushuru 25%: 1,250. Ekisaizi (ushuru wa bidhaa) ya injini ya cc 1,001 hadi 2,000, 5% ya 6,250: 312.50. Ekisaizi ya uchakavu, kwa umri wa gari, 30%: 1,875. VAT 18% juu ya vyote: 1,518.75. Jumla 4,956.25, bado tozo ndogo ndogo. Na hiyo 5,000 iwe thamani inayokubaliwa na TRA, mamlaka ya mapato, si ya risiti yako. Uchakavu peke yake unazidi ule ushuru mnaougombania.

Mtaa wa Kongo
Kwa hiyo Passo ya cc 996 haina ile 5%?

Forodha Kurasini
Haina. Ya uchakavu inabaki.

Spana14
Passo si gari.

Bi Rangi
Haya, ameanza tena.