Niliuza mchoro mmoja, leo nauona kwenye mifuko na vikombe. Nina haki yoyote?

FundiBrashi: Wakuu, kwema? Mimi mchoraji wa Tingatinga hapa Dar. Mwaka juzi mteja alinunua ubao wangu wa twiga watatu kwa laki mbili na nusu, akasema anautundika sebuleni. Wiki hii naingia duka la zawadi, nakuta twiga wale wale kwenye mifuko na vikombe, sahihi yangu imekatwa. Nampigia, ananijibu, "Si nilishakulipa?" Naombeni ushauri.

Kidevu: Umeuza ng'ombe, unadai maziwa? Chora mwingine mzee baba.

WakiliWaKona: Kidevu, huyo si ng'ombe. Kanunua ubao: autundike, auuze, ampe mkwewe, hakuna ugomvi. Kutoa nakala za biashara ni haki nyingine, inabaki kwa mchoraji mpaka wakubaliane vinginevyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi tangu inapochorwa, usajili au bila usajili, hadi miaka 50 baada ya mchoraji kufariki. Na hiyo sahihi iliyokatwa ni dai la pekee yake. Una haki ya kutajwa. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru wanamuziki AY na MwanaFA walipwe zaidi ya bilioni 2 kwa nyimbo kufanywa miito ya simu bila ruhusa.

Kidevu: Sasa Tingatinga si mtindo wa wote? Mzee Edward Tingatinga aliyeuanzisha alifariki 1972, mbona mnachora twiga wake?

WakiliWaKona: Mtindo hauna mwenyewe. Mchoro huu, na twiga hawa walivyopangwa, unaye.

Mama_Turubai: Mwanangu, usianze kumtukana mtandaoni. Nunua mfuko mmoja na kikombe kimoja, dai risiti. Tafuta picha ulizopiga ukiwa unachora, na meseji ya "sebuleni" usiifute, hiyo ni dhahabu. Ndipo uende COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na barua ya madai iandikwe na mwanasheria. Mimi siku hizi nyuma ya kila ubao naandika: nakala haziruhusiwi.

FundiBrashi: Asanteni sana. Meseji ipo, picha zipo. Ila kuzitazama picha nimekumbuka jambo: twiga wa kushoto alimchora mwenzangu wa kibandani, nilikuwa na homa siku ile.

WakiliWaKona: Basi mpigie leo, kabla ya barua. Hilo dai lenu wawili.