Wanawake katika Shuihu Zhuan: tusomeje?

Msomaji, Iringa: Ndugu zangu, kikundi chetu cha usomaji kinasoma Shuihu Zhuan, riwaya ya kale ya China, nami nimekwama pale Wu Song anapomuua shemeji yake, Pan Jinlian, naye anabaki kuwa shujaa. Ni kweli mwanamke huyo alimpa mumewe sumu, lakini chuki ninayoiona dhidi ya wanawake inanichosha. Je, niendelee?

Mwalimu, Mbeya: Endelea, dada, ila rudi nyuma kidogo. Pan Jinlian alikuwa mjakazi, na alipomkataa bwana wake, bwana huyo alimwoza kwa Wu Dalang, kaka yake Wu Song, ili kumkomoa. Riwaya inalitaja jambo hilo upesi na kulipita. Kwangu mimi, kisa chenyewe kinaanzia hapo.

Msomaji, Tukuyu: Mwalimu, shikamoo. Hilo halinitoshi. Hu Sanniang, mpiganaji hodari, jamaa zake wanachinjwa na Li Kui, mmoja wa mashujaa wa riwaya, kisha anaozwa kwa Wang Ying, shujaa mwenzake Li Kui, wala hapewi nafasi ya kulalamika. Ukimya huo unaniumiza kuliko matusi.

Mkutubi, Njombe: Mkimaliza, someni Hongloumeng, riwaya nyingine ya kale ya China, ya Cao Xueqin, iliyochapwa mwaka 1791, ambamo Jia Baoyu, kijana mhusika mkuu, anasema wasichana wameumbwa kwa maji na wanaume kwa matope. Humo pia mabinti wanaozwa bila kuulizwa, ila mwandishi anawapa mashairi, akili na hasira zao wenyewe.