Mimi na mume wangu tusimame wapi kati ya Bagamoyo na Tanga?

Mama Nasra (Dar es Salaam)

Ndugu zangu, asalaam aleikum. Mimi na mume wangu tumepata likizo ya pamoja, jambo ambalo halijatokea tangu mtoto wetu wa mwisho aanze shule, na tumekubaliana kuitumia barabarani kwa gari letu dogo, tukianzia Bagamoyo na kuishia Tanga. Hatutafuti hoteli za ufukweni. Tunayapenda yale mambo ya ajabu ambayo msafiri wa basi huyapita bila kujua: mti wenye kisa, kaburi lenye umbo la pekee, pango linaloogopwa. Nimesikia habari za mbuyu wa Bagamoyo uliomeza mnyororo na za mapango ya Amboni, lakini sijui ni kipi kinastahili kusimama na kipi ni sifa tupu. Naomba pia ushauri wa njia, kwa kuwa gari letu liko chini. Jambo jingine ni kwamba mume wangu hastahimili mahali pembamba penye giza, ingawa hataki kabisa niikose Amboni kwa ajili yake.

Mkaazi wa Dunda

Waaleikum salaam, dada. Mbuyu huo uko katika eneo la misheni ya Wakatoliki, na wala si sifa tupu. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868, na inasimuliwa kwamba kuelekea mwisho wa karne hiyo bibi mmoja wa Kifaransa alikuwa akimfunga punda wake kwa mnyororo kwenye mti huo, kisha mnyororo ukasahauliwa. Shina likaendelea kunenepa. Leo zinaonekana pingili chache tu za chuma chenye kutu, na gome limejikunja kuzizunguka kama midomo ya mtu aliyekataa kusema. Msipige picha mkaondoka. Sogeeni mpaka pale chuma kinapoingia mtini, kwa maana picha haiwezi kuonyesha jinsi mbuyu ulivyokifunika.

Hapo hapo misheni upo mnara wa kanisa la zamani, ambako mwili wa David Livingstone ulilazwa Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wageni wengi hulikumbuka jina la Livingstone na kuwasahau waliombeba. Mwombeni mwongozaji aanze na habari zao.

Hata hivyo, kama mngekuwa na nafasi ya kusimama mara moja tu katika Bagamoyo yote, ningewapeleka Kaole, kilomita zipatazo 5 kusini mwa mji. Pana magofu ya misikiti miwili, mkongwe kati yake ukikadiriwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo ndefu za mawe ya matumbawe. Zitazameni nguzo hizo kwa makini, mtaona vishimo vya mviringo ambamo zamani yalipachikwa mabakuli ya kauri kutoka China. Karibu na mikoko kuna kisima ambacho maji yake si ya chumvi. Nendeni asubuhi, kwa sababu jua la mchana pale halina huruma.

Mwana Chumbageni

Dada Mama Nasra, kwa gari lililo chini msijaribu njia ya pwani inayopita Saadani, hasa wakati wa mvua. Kutoka Bagamoyo shikeni lami hadi Msata, kisha mwelekee kaskazini, mvuke mto Wami na kupita Mkata hadi Segera, ambapo mtakunja kulia kuja Hale, Muheza na Tanga. Muheza nunueni machungwa, na ombeni mkatiwe moja mwonje kabla ya kulipa.

Mapango ya Amboni yako kilomita zipatazo 8 kaskazini mwa jiji, upande wa barabara ya Horohoro. Shemeji asiogope mapema. Vyumba vya mwanzo ni vipana, dari yake iko juu sana na popo wameitanda. Sehemu za kuinama na kujipenyeza huja baadaye, na mwongozaji akiambiwa tangu mlangoni atamrudisha bila kumwaibisha. Mtasikia kwamba pango linakwenda hadi Mombasa, na kwamba mbwa aliyepotelea humo pamoja na Wazungu wawili alitokea Kilimanjaro. Upimaji wa mwaka 1994 ulionyesha kwamba pango refu kuliko yote lina mita 900 hivi, lakini msiache kuisikiliza hadithi ya mbwa, kwa sababu inasimuliwa vizuri sana humo gizani. Baada ya hapo mwombeni mwongozaji awaonyeshe chumba cha matambiko, chenye chupa za marashi na vitambaa vilivyoachwa na watu wanaoomba watoto au afya.

Mzee wa Pangani

Binti yangu, mwanangu wa Chumbageni amesema vyema, ila ameiruka Tongoni, nami siwezi kulinyamazia hilo. Iko kilomita zipatazo 17 kusini mwa Tanga, katika njia ya kuja kwetu. Ni msikiti uliobomoka na makaburi zaidi ya 40, mengi ya nguzo, na hakuna mahali pengine katika pwani hii penye makaburi ya nguzo mengi kama hayo. Nguzo nyingi zimeanguka na zimelala zilipoangukia. Mbele ya ufuko huo ndiko meli ya Vasco da Gama iitwayo São Rafael ilikokwama Aprili 1498, na mwaka uliofuata, wakati wa kurudi, Wareno wakaichoma wenyewe, kwa kuwa mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuendesha meli tatu. Mkiwa mmekwisha kuiona Kaole, mtaweza kulinganisha nguzo kwa nguzo, raha ambayo anayekwenda sehemu moja tu haipati. Ninawasihi msije kwa ule mtindo wa waja leo waondoka leo.

Mama Nasra

Shikamoo mzee wangu, na ahsanteni nyote. Nimemsomea mume wangu maelezo haya na ameamua yeye mwenyewe kwamba Tongoni lazima iwemo, hivyo tutaanza na Kaole na mbuyu, tulale Tanga, na siku inayofuata twende Amboni asubuhi na Tongoni jioni. Je, katika kile chumba cha matambiko kuna adabu ya kufuata?

Mwana Chumbageni

Ipo, dada. Msiguse chupa wala vitambaa, na mkimkuta mtu anaomba, simameni nje mpaka amalize, wala msimpige picha. Vaeni viatu vinavyoshika, kwa sababu mawe ya humo huteleza, na kila mmoja aje na tochi yake. Mwanga wa simu hautoshi.