Kupendezesha nyumba kidogo kidogo kwa mikono yako: kazi ipi itangulie ili usirudie?

Sebule_Mpya

Habari zenu wakuu. Nataka kuipa nyumba sura mpya polepole, kazi nyingi nifanye mwenyewe, na kila mwezi nitenge fungu dogo tu. Hali ilivyo ni hii. Sebule ina mita 4 kwa 3.5, na kutoka sakafuni hadi dari ni mita 2.7. Kuta zake nusu ya chini, hadi mita 1.2 hivi, zina rangi ya mafuta ya zamani inayong'aa. Nusu ya juu ni rangi ya maji iliyofifia. Mlango mmoja, dirisha moja. Ukuta wa upande wa nje unabanduka rangi kwa chini, na pale palipobanduka kuna unga mweupe. Jikoni makabati ni ya mbao, bado imara, ila yamechakaa sura na vishikio vimelegea.

Naomba kujua: nianze na nini? Naweza kupaka rangi ya maji juu ya ile ya mafuta bila kuikwangua yote? Ninunue lita ngapi? Na makabati nifanyeje yasije yakabanduka baada ya muda mfupi? Natanguliza shukrani.

---

Lipu_na_Timazi

Mkuu, anza na ule unga mweupe. Ukiacha hilo ukakimbilia rangi, ukuta huo utaupaka tena kila mwaka.

Unga huo ni chumvi. Maji yanapita ndani ya ukuta, yanayeyusha chumvi iliyomo kwenye saruji, matofali na udongo, kisha yakifika usoni yanakauka na chumvi inabaki. Fuwele zake zikikua chini ya rangi ndizo zinazoisukuma mpaka ibanduke. Kwa hiyo kosa halipo kwenye rangi, na kubadilisha aina ya rangi hakutasaidia kitu.

Toka nje, simama nyuma ya ukuta huohuo, uangalie mambo matatu. Kwanza, kimo cha udongo au sakafu ya nje: inatakiwa iwe chini ya tabaka la kuzuia maji lililo juu ya msingi kwa angalau sentimita 15. Mara nyingi watu humwaga kifusi au hujenga baraza ikapita tabaka hilo, maji yakapata njia. Pili, maji ya paa yanaangukia wapi. Tatu, kama kuna bomba linalopita ndani ya ukuta huo au bafu upande wa pili.

Ukiwa huna uhakika kama maji yanatoka ukutani au ni mvuke wa humu ndani, bandika kipande cha nailoni nyangavu cha sentimita 45 kwa 45 juu ya ukuta, kingo zote nne uzizibe kwa tepu, ukiache siku 2. Matone yakiwa upande wa nailoni unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumbani, shida ni hewa haizunguki. Fungua madirisha na usogeze makochi mbali na ukuta.

Ukishaondoa chanzo, kwangua rangi iliyolegea, kisha futa chumvi kwa brashi ngumu, ukuta UKIWA MKAVU. Usiioshe kwa maji mwanzoni, maana itayeyuka na kurudi ndani. Ifagie na uitupe nje. Rudia kila wiki mpaka isitoke tena. Ukuta mnene unaweza kuchukua miezi kukauka, na hapa ndipo mpango wako wa kidogo kidogo unapokufaa: wacha ukuta huo ukauke, wewe endelea na jikoni.

Na tafadhali usiuzibe kwa rangi ya mafuta. Ukuta usiopumua unayasukuma maji yapande juu zaidi, na mwakani utayakuta mita moja kutoka sakafuni.

---

Rola_Kavu

Nakubaliana na Lipu hapo juu. Kwa kuta nyingine tatu jibu ni ndiyo, rangi ya maji inakaa juu ya rangi ya mafuta, lakini si moja kwa moja. Rangi ya mafuta ikishakomaa ni laini na haifyonzi, kwa hiyo ile mpya inakosa pa kushika. Ukigusa kwa kucha inavuka kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa.

Kwanza hakikisha kweli ni ya mafuta. Chovya pamba kwenye spiriti ya kusafishia vidonda, sugua sehemu iliyojificha. Rangi ikilainika na kuhamia kwenye pamba, hiyo ni ya maji. Isipotoka, ni ya mafuta.

Hatua za nusu ya chini:

Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya unga, suuza vizuri, acha ikauke. Usiruke hatua hii, kwa sababu ukisugua msasa juu ya ukuta wenye mafuta ya mikono unayasambaza tu. Kisha msasa namba 120 au 150. Lengo si kuitoa rangi, ni kuua mng'ao. Ukiangalia kwa pembeni na bado unaona panameta, pale hapajaguswa. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Halafu praima (rangi ya kutangulia) ya kushikisha, ile inayoandikwa kwenye kopo kwamba inafaa juu ya rangi ya mafuta au vigae. Mkono mmoja, yaani tabaka moja, mwembamba unatosha.

Kabla ya kumwaga rangi ya gharama juu yake, fanya jaribio. Praima ikishakaa saa 24, chora alama ya X kwa wembe, bandika tepu juu yake, ibonyeze kwa nguvu, ivute kwa ghafla. Praima ikibaki ukutani, endelea. Ikitoka na tepu, msasa haukutosha.

Pale katikati, rangi mbili zinapokutana, huwa pana mwinuko mdogo. Usipousawazisha kwa msasa na puti utauona chini ya rangi mpya siku zote, hasa usiku taa ikiwaka kwa pembeni. Weka puti pana, sentimita 15 hadi 20 juu na chini ya mstari, kwa tabaka mbili nyembamba. Tabaka moja nene hupasuka.

Nusu ya juu, pitisha kiganja. Kikitoka na unga wa rangi, osha na upake praima ya kuta. Kisipotoka na kitu, kuosha kunatosha.

Hesabu ya rangi sasa. Mzunguko wa chumba ni 4 + 3.5 + 4 + 3.5 = mita 15. Zidisha kwa 2.7 unapata mita za mraba 40.5. Toa mlango na dirisha, kama 3.7, zinabaki karibu 37. Mikono miwili ni 74. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini hufunika mita za mraba 10 hivi kwa mkono mmoja, basi unahitaji lita 7.5, nunua 8. Praima ya nusu ya chini ni mita za mraba 17, lita 2 zinatosha. Kama utanunua makopo mawili ya rangi ileile, yachanganye yote kwenye ndoo moja kubwa kabla ya kuanza, kwa kuwa kopo na kopo huweza kutofautiana kidogo na tofauti hiyo huonekana katikati ya ukuta.

Kupaka: kona na kingo zipake kwa brashi upana wa sentimita 5 hadi 7, kwa urefu wa mita moja tu, halafu rola ipite hapohapo kingo zikiwa bado mbichi. Ukizunguka chumba kizima kwa brashi kwanza, utabaki na fremu inayoonekana kila ukuta.

---

Sebule_Mpya

Nashukuru sana, mmenifungua macho. Mawili tu: kuna mtoto mdogo ndani ya nyumba, hilo vumbi la msasa halina madhara? Na rangi niliyoipenda dukani nikiileta nyumbani kwenye karatasi inaonekana nyingine kabisa.

---

Rola_Kavu

La vumbi umeuliza jambo la maana sana. Rangi za mafuta za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, zaidi kwa watoto wadogo na wajawazito. Kama hujui umri wa rangi hiyo, ichukulie kuwa inayo. Usisugue kikavu, na usitumie mashine ya msasa. Tumia msasa wa maji: lowesha ukuta kwa sponji, sugua, futa tope lake kabla halijakauka. Toa mazulia na mapazia, tandika nailoni sakafuni, ziba chini ya mlango. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini. Ile ya kitambaa haitoshi. Nguo za kazi zifue peke yake. Mtoto asiingie mpaka sakafu ipigwe deki kwa maji mara mbili. Usifagie kikavu.

Kuhusu rangi kubadilika, hiyo ni taa. Badilisha balbu KABLA ya kuchagua rangi. Kwenye boksi la balbu za LED kuna namba yenye herufi K: 2700 hadi 3000 ni mwanga wa njano unaotuliza, unafaa sebuleni na vyumbani, 4000 ni mweupe, unafaa jikoni. Rangi ya kijivu kwenye mwanga wa 2700 huelekea udongo, kwenye mwanga wa 6500 huelekea bluu. Nunua kopo dogo la majaribio, paka mikono miwili kwenye kadibodi ya ukubwa wa karatasi ya A4, uihamishe ukuta hadi ukuta, asubuhi, jioni na usiku. Usiijaribu ukutani juu ya rangi ya zamani, maana rangi iliyoizunguka itakudanganya.

---

Bawaba_Kimya

Nami niongeze la makabati, dada au kaka, maana hapo ndipo panapobadilisha nyumba kwa gharama ndogo kuliko popote.

Fungua skrubu za bawaba utoe milango yote, usipake ikiwa inaning'inia. Kila mlango uupe namba kwenye tepu, ubandike ndani ya shimo la bawaba ambako hapapakwi rangi, na namba hiyohiyo ndani ya kabati. Bawaba za kila mlango ziweke kwenye mfuko wake. Milango inafanana kwa macho, lakini ukiichanganya haifungi sawa.

Adui wa rangi jikoni ni mafuta ya kupikia. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya kuondoa mafuta, hasa kuzunguka vishikio na juu ya jiko, suuza mara mbili. Kisha msasa namba 180, tahadhari ya vumbi ni ileile, futa, praima. Kama mbao ina vifundo au ni ya rangi nyekundunyekundu, utomvu wake utapenya rangi nyeupe na kuacha madoa ya njano. Hapo tumia praima ya kuzuia madoa, vinginevyo hata mikono mitano ya rangi haitaficha.

Rangi iwe ya maji ya daraja la mbao na makabati, yenye kung'aa kiasi. Nyeupe ya mafuta huwa ya njano kwa muda, na sehemu zenye giza kama ndani ya kabati ndizo hutangulia. Tumia rola ya sponji ya sentimita 10, mlango ukiwa umelala. Mikono miwili au mitatu miembamba, na kati ya mkono na mkono pitisha msasa namba 320 kidogo tu, kutoa vijivimbe. Mtu akiweka nene ili amalize haraka, hutiririka kwenye kingo na kubaki laini ndani.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hulikosea: rangi KUKAUKA si KUKOMAA. Baada ya saa chache haishiki mkono, lakini huchukua wiki 3 hivi kuwa ngumu kweli. Rudisha milango baada ya siku 2 au 3, bandika vipira vidogo vya silikoni kwenye kona inayogonga fremu, na usiisugue kwa dodoki mpaka wiki hizo zipite. Makabati mengi yanayobanduka mapema yaliharibiwa wiki ya kwanza.

Vishikio: pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lingine. Vingi ni milimita 96 au 128. Ukipata vipya vya kipimo kilekile hutoboi kitu. Kipimo kikiwa tofauti, jaza matundu ya zamani kwa puti ya mbao kabla ya praima, kisha kata kadibodi yenye matundu mapya uitumie kama kielelezo kwenye kila mlango. Mlango wa milimita 18 unatumia skrubu ya milimita 25. Kama vishikio vyako vimelegea tu na bado unavipenda, weka washa (kipete bapa cha chuma) chini ya kichwa cha skrubu, kaza, basi.

---

Lipu_na_Timazi

Nimeona mpango unaenda vizuri, niweke na la rafu na mapazia kwa kuwa ndiyo yatakayofuata sebuleni.

Fimbo ya pazia ifunge sentimita 10 hadi 15 juu ya fremu ya dirisha, na ivuke kila upande kwa sentimita 15 hadi 20. Dirisha litaonekana kubwa, na pazia likifunguliwa halizibi mwanga. Upana wa kitambaa uwe mara mbili ya fimbo. Kama ni pamba, kifue kabla ya kukata, kwa sababu kitarudi.

Rafu: ukuta wa saruji tumia biti ya milimita 6, fisha (kipande cha plastiki kinachoshika skrubu ukutani) ya 6, skrubu ya milimita 4 hadi 4.5. Lipu ina unene wa milimita 15 hadi 20 na haishiki uzito. Fisha lazima iingie kwenye tofali. Kwa hiyo shimo liwe na kina kama milimita 50 na skrubu iwe ndefu ya kutosha. Weka tepu kwenye biti kuonyesha kina. Ukiona vumbi linalotoka linabadilika rangi, umefika kwenye tofali. Puliza vumbi lote kabla ya kuingiza fisha, la sivyo itazunguka bure. Kwenye tofali lenye uwazi zima mpigo wa nyundo wa keekee, toboa kwa kuzungusha tu, vinginevyo utavunja ukuta wa ndani wa tofali.

Vishikizo viwe kila sentimita 60 kwa ubao wa milimita 18, na usitoboe juu wala chini ya swichi au soketi, wala usawa wake kwa pembeni. Nyaya hupita humo.