Tupeane uzoefu: kupeleka watoto wadogo kwenye bwawa la kuogelea, Arusha na Moshi

Habari zenu wazazi wenzangu. Naanza mimi wa Njiro. Nina wawili, mmoja miaka mitano, mwingine mwaka na nusu. Mwaka jana mwezi wa saba tuliwahi bwawani saa tatu asubuhi ili tupate nafasi kabla watu hawajajaa. Mnaijua Arusha yetu mwezi huo, mawingu mpaka mchana, na tuko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mdogo alikaa majini dakika chache tu, midomo ikabadilika rangi. Nilimfunga taulo na kanga mbili, nikamnywesha uji wa kwenye chupa, ndipo akaacha kutetemeka. Siku hizi naenda kuanzia saa saba mchana, jua likishayapiga maji, na baridi ikiingia tunapumzika kabisa. Karibuni, hasa wenye watoto wa chini ya miaka sita.

Mama wa Pasua, Moshi:
Mimi yangu ni pampasi. Nilimwingiza mtoto na ile ya kawaida. Ikanyonya maji ya bwawa, ikavimba, ikapasuka, ile jeli ya ndani ikatapakaa, watu wakaanza kuwatoa watoto wao. Niliumia sana. Zipo za kuogelea, hazivimbi, ila zinazuia kinyesi tu, mkojo unapita. Na mtoto akiwa anaharisha, jamani, abaki nyumbani hata kama mlishamwahidi. Klorini haiui kila kitu papo hapo. Kuna kijidudu cha kuharisha kinachoweza kudumu zaidi ya wiki kwenye maji yenye dawa.

Baba wa Sakina, Arusha:
Hili naliandika kwa uchungu. Tulikuwa kwenye sherehe ya kuzaliwa, watu wazima hatupungui kumi, wote tumekaa pembeni ya bwawa. Kijana wangu wa miaka minne alivuliwa maboya ya mikononi ili ale chipsi. Alipomaliza akarudi majini hivyohivyo. Hakupiga kelele, hakurusha mikono kama tunavyoona kwenye sinema. Alikuwa wima, mdomo uko usawa wa maji, kimya. Aliyemwona ni binti wa darasa la saba, akaruka akamtoa. Sisi kumi, kila mmoja aliamini mwenzake anaangalia.

Tangu siku hiyo tuna kofia nyekundu. Anayeivaa ndiye mwenye zamu: hagusi simu, hapigi soga, hachomi nyama. Baada ya dakika kumi na tano anaivua na kumvika mwingine kwa mkono wake. Na hata zamu ikiwepo, asiyejua kuogelea hakai mbali na mkono wa mtu mzima. Maboya nayachukulia kama mchezo, hayamwokoi mtoto.

Boma Ng'ombe hapa:
Wengi mnakuja Chemka na watoto, karibuni sana, ila ile ni chemchemi, haina upande wa watoto. Maji ni ya vuguvugu na ni angavu mpaka unaona chini, na hapo ndipo watu wanapokosea: kina kinaonekana kifupi kuliko kilivyo. Mizizi ya mikuyu inateleza. Halafu kuna samaki wadogo wanaodonoa miguu. Binti yangu alishtuka akaniponyoka mkononi. Nilimdaka nguo. Mwambieni mtoto habari za samaki kabla hajaingia.

Mama wa Kijenge:
Nilipokuwa kwa dada yangu Marekani nilipenda viwanja vyao vya maji vya mtaani. Sakafu inarusha maji juu, yanashuka na kuingia kwenye mifereji, hayatuami, na pale mtaani kwao hakuna kiingilio. Kwa wa mwaka mmoja hadi mitatu naona ndiyo mwanzo mzuri, ingawa bado wanateleza na wanayanywa yale maji. Hapa nyumbani nimetoboa chupa ya lita moja na nusu, nimeifunga kwenye mpira wa bustani, naiweka juu ya majani. Wanacheza hadi jioni.

Mwenye mada, Njiro:
Asanteni. Kaka wa Sakina, pole sana. Nikiwa peke yangu na hawa wawili, kofia namvika nani?

Baba wa Sakina:
Dada, ukiwa peke yako usisogelee bwawa kubwa. Kaeni kwenye la watoto, nawe ukae humohumo majini, sio kwenye kiti. Mimi mke wangu akiwa kazini hatuendi.